Ngome za Saruji na Matusi ya Mama Tumaini

Nilipokabidhi funguo za ofisi yangu ya ukalimani hapa Mwanza, wenzangu walinikatia keki, wakanipa saa ya ukutani, kisha wakaniomba niwaandikie siri za kazi. Saa ya ukutani kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi ni zawadi ya watu wasiofikiri, lakini nimeipokea. Siri za kazi hazipo. Kuna kazi tu, na kuna watu walioifanya vizuri, nami ni mmoja wao. Nasema hivyo mapema ili msisumbuke kulitafuta katikati ya mistari.

Juu ya vyeo sina la kusema. Nilikuwa mwajiri wangu mwenyewe tangu mwanzo, na mtu hawezi kujipandisha cheo bila kuchekwa na mkewe. Niseme tu kwamba stashahada yangu ya Kichina cha biashara niliipata Guangzhou kwa jasho langu, nikiuza soksi mchana na kusoma jioni. Wapo waliopelekwa kule na ufadhili, wakapokelewa uwanja wa ndege na watu wenye mabango. Mimi nilipokelewa na teksi iliyonizungusha mji mzima kabla ya kunishusha mtaa wa tatu tangu pale iliponipakia. Ndiyo maana ramani ya Guangzhou naijua kuliko wao.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mfupi aliyevaa suti ya pamba katika joto lililowalaza mbwa wa kule chali. Siku yangu ya kwanza alinipeleka Zhongda, kwenye soko la vitambaa, na kuniachia mteja mmoja kutoka Iringa. Mteja akashika kitambaa, akakivuta, akasema, "Mwambie huyu mwizi kitambaa chake kimeoza." Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri sana, bila kukosea hata toni moja, na neno "mwizi" nililipa uzito wake wote. Mwenye duka akatutoa nje na kushusha shata.

Papa Kasongo alikuwa amekaa kwenye robota la jinzi ng'ambo ya njia, akinywa chai. Hakunigombeza.

"Petit, sikia miye," alisema kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. "Client hakulipake juu ya maneno. Anakulipa juu ya mambo yake iende mbele."

Akaingia duka la pili na mteja yuleyule, na maneno yaleyale ya kuoza na wizi akayageuza kuwa sifa za kitambaa, pamoja na sikitiko dogo kuhusu jua kali la Iringa. Bei ikashuka. Hakuna chuo kinachofundisha jambo hilo, hata changu.

Vifaa vyangu vilikuwa kikokotoo chenye vitufe vikubwa, futi ya fundi cherehani, na kadi za jina zilizoandikwa kwa lugha tatu. Kikokotoo ndicho kilichoongea zaidi. Ukienda Shiling, kwenye mji wa mikoba na ngozi, wenye viwanda hawataki salamu. Wanakusukumia kikokotoo, unaandika, wanacheka, wanafuta, wanaandika. Mkalimani anabaki na kazi ya kueleza kile kicheko.

Sasa nije kwenye kesi niliyoulizwa zaidi kuliko zote, ile ya bondeni.

Ilikuwa miaka ya misako, mwaka wa Olimpiki ya Beijing na ule uliofuata. Kabla ya hapo askari wa Guangzhou walikuwa wakituangalia kama mtu anavyoangalia mvua ya jirani. Ghafla tukawa mvua yao. Katika mitaa ya Xiaobei, walikokaa Waafrika wengi, neno la Kichina lililojulikana kuliko yote lilikuwa *huzhao*, yaani pasipoti. Ukilisikia nyuma yako, kama viza yako ni nzima unageuka polepole, kwa madaha. Kama imekwisha, hugeuki kabisa. Unaanza kutembea kama mtu aliyekumbuka jiko lake linawaka. Wengine walijifungia vyumbani wiki nzima, wakiletewa wali kwenye mfuko wa nailoni. Ukikamatwa viza ikiwa imekwisha, unalazwa ndani, unarudishwa kwenu, na huo unaweza kuwa mwisho wako wa kuiona China.

Mama Tumaini alikuwa mmoja wa waliojifungia. Mfanyabiashara wa Dodoma, mlokole, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti ya kusimamisha basi bila kuinua mkono. Aliagiza mikoba Shiling kwa mtu anayeitwa Bosi Lin. Sampuli ilikuwa na mikanda ya kuning'iniza begani. Mzigo ulipotoka, mikanda ilitosha kuning'iniza kwenye kidole. Lin alikuwa amebana ngozi.

"Wanawake wa Dodoma wana mabega, hawana ndoano," Mama Tumaini alimwambia, nami nikalitafsiri hilo kama lilivyo kwa sababu lilikuwa na maana ya kibiashara.

Lin akakubali kushona upya. Akashona kwa mwendo wa mtu anayeshonea marehemu asiyemdai. Mama hakuthubutu kuondoka na kumwachia mzigo ule, na katika kungoja huko viza yake ikaisha.

Nilikwenda mwenyewe kuuliza kwenye ofisi ya polisi ya wageni. Askari wa dirishani aliniambia jambo moja wazi: mama akija kwa hiari yake, na mwenye kiwanda akaja naye kueleza kwa mdomo wake kwamba ucheleweshaji ni wa kiwandani, anaweza kupewa siku chache afungashe aondoke kwa heshima, na kurudi tena baadaye. Akija peke yake, yeye askari haahidi kitu.

Kwa hiyo maisha yote ya Mama Tumaini kibiashara yalikuwa yamening'inia kwenye miguu ya Bosi Lin. Na Bosi Lin akazima simu. Nilipokwenda kiwandani, mlinzi alinijibu *meiyou*, neno linalomaanisha hakuna: hakuna bosi, hakuna habari, hakuna kiti cha kungojea. Gari la Lin lilikuwa limeegeshwa nyuma ya mlinzi, injini bado ikitoa joto.

Ndipo ukaja mwaliko.

Lin alikuwa na rafiki tajiri aliyejenga, kaskazini ya mji, kwenye bonde la kijito, kitu alichokiita Bonde la Rhine. Alikuwa amesikia kwamba Ujerumani kuna mto unaopita kati ya ngome za kale na mashamba ya zabibu, watu wanapanda mashua, wanaangalia ngome, wanakunywa divai, wanalipa. Akaona hakuna sababu Wajerumani wale peke yao. Kwa uzinduzi alitaka wageni, maana bonde la Ulaya lisilo na mgeni hata mmoja linatia shaka. Wazungu walikuwa ghali. Lin akajitolea kumletea wateja wake wa Afrika Mashariki, basi zima, bure.

Mwaliko ulipitia kwa msomi mmoja wa ufadhili, aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya kitu fulani cha udongo na akibangaiza ukalimani siku za mapumziko. Sitamtaja, ana wajukuu. Kwa Kichina ngome ni *chengbao*. Hambaga ni *hanbao*. Msomi akawatangazia wafanyabiashara wote wa Xiaobei kwamba Bosi Lin anawapeleka mtoni kuona hambaga kubwa za Kijerumani. Asubuhi ya safari watu wazima wakaja bila kunywa chai, mmoja akiwa amebeba chupa yake ya pilipili.

Mimi nilimpigia Mama Tumaini. "Mama, Lin atakuwepo. Atakuwa mbele ya viongozi. Hapo hawezi kusema *meiyou*."

"Na mimi nitafikaje huko, Diploma?" Hivyo ndivyo walivyoniita wote, na sijawahi kulikataa jina lililo la kweli. "Nitoke humu ndani nipande basi kama mtalii?"

"Kama mtalii hasa."

Nikasikia mtu akipita kwenye ngazi za jengo lao, naye akashusha sauti. "Nikikamatwa," akasema, "utakwenda kuwaeleza wanangu kwamba mama yao alikwenda kuangalia ngome."

Alikuja. Alivaa gauni la kwaya, la zambarau. Nilimketisha dirishani, kwa sababu mtu anayejificha huketi kwenye korido, na askari wanalijua hilo.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini basi lilisimamishwa. Askari akapanda ngazi, akasema *huzhao*, na basi likawa kimya hata matumbo ya wenye njaa yakasikika. Mama Tumaini alitazama mbele, midomo ikitembea. Dereva akageuka na kumwambia askari kwamba hawa ni wageni wa mkuu wa eneo, wanakwenda uzinduzi, na wakichelewa atatoa maelezo nani? Askari akatutazama upya. Mtu anaweza kuona kazi ya macho: aliingia akiona wahalifu, akatoka akiona ujumbe wa kimataifa. Akapiga saluti ndogo. Sura zetu zilikuwa zilezile.

Bonde lenyewe sasa. Mimi baadaye nimeufikia Rhine wa kweli, nikiwa na mteja wa vipuri aliyenigharimia, kwa hiyo nasema kwa mamlaka. Ule wa kweli una mvua nyingi, ngome zilizobomoka, na vyoo vya kulipia. Ule wa Guangdong haukuwa na mvua, ngome zilikuwa nzima kabisa, za saruji, na moja ilikuwa na kiyoyozi kimetokeza kwenye tundu la kurushia mishale. Mlangoni walisimama askari wa kale waliovaa deraya za plastiki, wakitokwa jasho. Mto ulikuwa umezuiliwa ili ufanane na mto.

Mama Tumaini alikwenda moja kwa moja kwenye mizabibu. Akainua kishada, akakigeuza.

"Zimefungwa kwa waya," alisema.

"Mama, usiseme kwa sauti."

"Kwani nani hapa anajua Kiswahili? Kwetu Dodoma zabibu zinaota bila ngome. Hawa wana ngome bila zabibu." Akakirudisha kishada, kwa upole, kama mtu anayefunika aibu ya mwenzake. "Yuko wapi Lin?"

Lin alikuwa ukumbini, meza kuu, kando ya mkuu wa eneo, mzee mwekundu wa uso aliyecheka kabla ya kuambiwa jambo. Lin alipoliona gauni la zambarau alisimama nusu, akakaa. Alidhani wasio na viza hawatoki vyumbani. Wengi walidhani hivyo, na ndiyo sababu wengine wetu tulipata nafasi za kutoka.

"Mama, rafiki!" akasema. Hilo "rafiki" alijifunza kwa wateja, pamoja na "bei poa" na "kesho".

Divai ilikuja kwenye majagi, nyekundu, imechanganywa na soda ya ndimu na vipande vya barafu. Nilionja. Ilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi ya watoto, ile wanayoiomba. Hambaga hazikuja. Aliyebeba pilipili akaimwagia samaki wa mvuke, mhudumu akatazama pembeni.

Lazima mwelewe desturi ya meza ile. Mwenyeji anainua glasi, anasema *ganbei*, yaani kausha, nawe unakausha mpaka chini. Kila mgeni wa heshima anasema maneno mawili. Na neno lililosemwa juu ya glasi, mbele ya mkubwa, halirudishwi. Anayelirudisha amepoteza uso, yaani heshima yake mbele za watu, na mwenye kiwanda asiye na uso hata benki haimpokei simu. Nilijua hilo. Nilikuwa nimelisomea.

Mkuu wa eneo akamtazama Mama Tumaini na gauni lake, akaona ndiye mkubwa wa ujumbe. Akamwomba aseme neno.

Mama akasimama. Glasi hakuigusa. Akamgeukia Lin, na ile sauti ya kwaya ikajaa ukumbi hadi kwenye pembe za saruji.

"Wewe Lin! Hayo kichwani ni masikio au ni vishikio vya mkoba? Nimekaa kwenye chumba kile kama kuku anayeatamia, nahesabu hatua za watu kwenye ngazi. Jirani akigongewa mlango, moyo wangu unanitoka. Mimi sikuiba. Wewe ndiye uliyekata mikanda mifupi kwa uchu wa ngozi, halafu unazima simu kama mwanamume anayekimbia mimba! Kesho utakuja polisi, useme mbele ya askari kwamba kosa ni lako. Usipokuja, naapa nitasimama nje ya ngome hii ya saruji, niizunguke nikiimba, mpaka ianguke kama Yeriko!"

Wafanyabiashara wote waliinamia sahani zao. Mmoja alikuwa akitetemeka mabega, na si kwa kilio.

Mkuu wa eneo akanigeukia, uso umekunjuka, akingoja utamu.

Vijana, hapa ndipo mtu anapolipwa. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Mama huyu," nikasema kwa Kichina cha karamuni, kile cha polepole, "anatoka mji wa zabibu. Anasema ameona ngome nyingi leo, lakini kwao ngome iliyo imara kuliko zote ni neno la rafiki. Yuko katika shida ndogo ya viza, na rafiki yake Bosi Lin ameahidi kesho asubuhi kufuatana naye polisi, kueleza kwa ukweli kuhusu kucheleweshwa kwa mzigo. Amesafiri hadi hapa ili kumshukuru hadharani, na wimbo wa shukrani utaimbwa kuzunguka ngome hii."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mkuu wa eneo akampiga Lin mgongoni mara mbili, na ya pili ilimsogeza kiti. "Huyu ndiye mfanyabiashara wa kweli! Kesho ukifika uwape salamu zangu! *Ganbei!*"

Lin alikuwa mjinga wa mikanda, si wa watu. Alijua fika mama hakutoa shukrani. Hakuna anayeshukuru akiwa amenyoosha kidole. Akajaribu mlango wa mwisho. "Ahadi bila glasi si ahadi," akasema akitabasamu. "Mama lazima akaushe."

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anataka unywe."

"Mwambie asikojaribu shetani asijaribu yeye."

Nikawaambia kwamba imani ya mama hairuhusu, na kwamba desturi yao wenyewe inamruhusu mtu kumnywea mwenzake. Nikakausha glasi yake. Kisha yangu. Kisha ya tatu, aliyonijazia Lin kwa chuki. Watu husifu wanajeshi.

Kwenye basi la kurudi Mama Tumaini alinigeukia tulipoipita ngome ya mwisho.

"Diploma."

"Naam, Mama."

"Mimi nimemtukana yule mtu. Mbona walipiga makofi?"

"Nilifupisha kidogo."

"Ulifupisha! Wewe ulisema maneno mengi kuliko mimi!"

"Niliyaweka kwa Kichina cha heshima. Kesho atakuja."

Akanitazama kama alivyotazama zile zabibu. "Kaka yangu, nakushukuru. Lakini siku nyingine nikitukana, tukana."

Kesho yake tulifika polisi mapema. Lin hakuwepo. Mama alikaa kwenye benchi, mkoba mmoja wa mkanda mfupi mapajani. Kila mlango ulipofunguka alinyanyua shingo, kisha akairudisha. Mtu anayejisalimisha kwa polisi bila shahidi hana pa kurudi. Akishavuka ule mlango, hata kukimbia hawezi tena. Nilianza kupanga maneno ya kuwaambia wanawe, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuyapata katika lugha yoyote.

Lin akaingia, amevaa suti, macho yamevimba kwa divai ya soda. Hakutusalimu. Akaenda dirishani na sisi tukamfuata.

Na hapo nikatambua kitu ambacho hakikunifurahisha. Lin na askari wote wawili ni Wachina. Hapakuwa na nafasi ya mkalimani katikati yao. Nilisimama pale na stashahada yangu yote kama mwavuli ndani ya nyumba.

Askari akauliza, "Huyu mama ana uhusiano gani nawe, na kwa nini amepitisha muda wa viza?"

Lin akakohoa. Nilitarajia salamu za mkuu wa eneo. Nilitarajia hali ya hewa, umeme, mafundi waliokwenda sikukuu. Akamtazama mama, akautazama ule mkoba.

"Ni mteja wangu," akasema. "Nilikata mikanda mifupi ili nipunguze ngozi. Akakataa mzigo, na alikuwa na haki. Nikachelewa kushona, kisha nikamkimbia. Kosa ni langu."

Askari akaandika. Akauliza mawili matatu zaidi, akaenda nyuma kwa mkubwa wake, akarudi. Mama angelipa faini, angepewa siku za kufungasha, angepanda ndege kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna muhuri mbaya ambao ungeingia kwenye pasipoti yake. Mwaka uliofuata angeweza kuomba viza kama mtu mwingine yeyote.

Nikamweleza. Akafumba macho, midomo ikatembea kidogo, akafumbua.

"Asante, Bwana. Na Lin amesema nini?"

Nikamtafsiria neno kwa neno: mikanda, ngozi, haki, kukimbia, kosa. Sikuongeza hata koma.

Mama Tumaini akanitazama mimi, akamtazama Lin aliyekuwa ameinamisha kichwa, akanirudia mimi.

"Diploma," akasema kwa huruma, "acha. Siku zangu nimeshapewa. Sasa niambie alichosema kweli."